Upinde wa kwanza wa mtoto: rikavu ya mbao, Genesis, au kompaundi?

BabaLanet (Nakuru)
Habari zenu. Shemeji anarudi kutoka Uingereza wiki ijayo na amekubali kunibebea upinde mmoja wa binti yangu anayeanza kulenga shabaha. Nimebaki na hizi:
1. Rikavu ya mbao (upinde wenye ncha zilizopinda kwenda mbele) ya kufunguliwa vipande vitatu, inchi 62, imeandikwa paundi 20, yaani uzito wa kuuvuta.
2. Genesis iliyotumika, kompaundi rahisi ya wanaojifunza, paundi 10 hadi 20.
3. Diamond Infinite Edge, kompaundi kamili (upinde wenye magurudumu kwenye ncha) inayorekebishika kuanzia paundi 5 hadi 70.
Bei hazipishani sana. Kuna pia fundi hapa mjini anayetengeneza za bomba la PVC kwa pesa kidogo. Mngechukua ipi? Nataka kitu ambacho hakitamchosha wala kumtia woga.

Kocha_Njoro
Umetuambia habari za pinde, za mtoto hakuna. Ana miaka mingapi? Akitandaza mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile kingine ni sentimita ngapi? Jicho gani linatawala, yaani linaloongoza kulenga? Na atapigia wapi? Bila hayo tutabahatisha tu.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Mimi hata singojei majibu: rikavu. Akikua unabadilisha mabawa tu, yale matawi mawili yanayokunjika, mpini unabaki ule ule. Upote wake, ile kamba ya kuvutia, ni wa uzi wa Dacron na unaweza kusokotwa nyumbani. Kompaundi ikikatika upote lazima upate mashine ya kubana mabawa, na hiyo mashine Kisumu ni ya kutafuta kwa tochi.

Usisahau kamba ya kuvishia upote. Watu wengi huupitisha upinde katikati ya miguu na kuukunja kwa paja. Bawa hujipinda upande mmoja, kisha upote hautulii tena kwenye mfereji wake.

MamaShabaha (Kakamega)
Fundi, mtoto hatengenezi upinde, anaupiga. Genesis haina kituo cha mvuto, yaani hakuna urefu maalum ambao lazima uvute upote hadi ufike. Mtoto wa mvuto wa inchi 20 na mtu mzima wa inchi 30 wanautumia huo huo, na uzito unabaki karibu sawa mvuto wote. Kwenye rikavu, kila inchi unayovuta inaongeza mzigo, kwa hiyo mtoto anajifunza kuvuta nusu na kuachia haraka. Paundi unazipunguza kwa spana ya alenkii: legeza boliti ya juu na ya chini kwa mizunguko sawa, na usipite idadi iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

BabaLanet (Nakuru)
Samahani. Ana miaka 9. Mikono ni sentimita 137. Anaandika kwa mkono wa kulia. Tuna uwanja nyuma ya nyumba, kama mita 25 hadi kwenye ua. Hilo la jicho sijui linapimwaje.

Kocha_Njoro
Anyooshe mikono mbele, apishanishe viganja abakishe tundu dogo, atazame kitu cha mbali kupitia hapo huku macho yote yakiwa wazi. Kisha afumbe moja moja. Jicho linalobaki wazi na kitu kisihame, ndilo linalotawala. Rudia mara tatu.

Sasa hesabu. 137 ni inchi 54. Gawanya kwa 2.5 unapata 21.6, kwa hiyo mvuto wake ni karibu inchi 22. Ile paundi 20 iliyoandikwa kwenye bawa imepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Akivuta inchi 22, vidoleni atashika kama paundi 14 au 15. Kwa miaka 9 ni nzito kidogo mwanzoni. Ningetafuta mabawa ya 14 au 16, ashike 10 hadi 12. Namba ya kwenye bawa isikushughulishe sana, tazama kile kinachokaa vidoleni pake. Mpe upinde avute, ashikilie akihesabu hadi kumi, kisha aurudishe polepole bila kuachia. Bega likipanda au mkono ukitetemeka kabla ya saba, ni mzito.

Na inchi 62 ni ndefu kwa mvuto huo. Mabawa hayakunjiki vya kutosha na mshale unatoka kwa uvivu. Tafuta ya inchi 54.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Kwa 54 sikubaliani. Baada ya miaka miwili hivi mvuto utakuwa inchi 24, pembe ya upote itakuwa kali na itabana vidole. 62 itamfaa muda mrefu. Aanzie mita 5, uvivu wa mshale hautaonekana.

Mzee_wa_Mau (Molo)
Vijana, mnahangaika na ndege na mizigo. Huku Mau Waogiek wamelea watoto kwa pinde tangu zamani, za kukatwa kwa kimo cha mtoto mwenyewe, na mshale unalala juu ya ngumi. Hazina namba wala boliti.

MamaShabaha (Kakamega)
Mzee, heshima kwako, na upinde huo ni mzuri. Ila unyoya ukipita juu ya ngumi ya mtoto asiyevaa chochote, shina lake linachana ngozi. Na upote wa kano ukilowa masika unalegea. Huyu anaanza, anahitaji kitu kisichobadilika kila asubuhi.

Mzee_wa_Mau (Molo)
Ngozi laini ya mbuzi juu ya ngumi inatosha, mwanangu. La kano ni kweli, hatupigi mvua ikinyesha.

Nakuru_Mishale
Kuhusu kompaundi ya 5 hadi 70, acheni niseme kwa urefu, kwa sababu kosa hili linajirudia. Ilikuwa kambi moja ya likizo huku Rift, kompaundi ya aina hiyo ikipitishwa mkono kwa mkono. Upinde huo unawekewa mvuto wa mtu mmoja. Ulikuwa umewekwa inchi 25, mtoto aliyepewa alikuwa wa 21. Ukifika mwisho wa mvuto, gurudumu linageuka na mzigo unapungua sana. Yeye hakuwahi kufika hapo, alibaki kwenye kilele, pale penye uzito wote, huku kiwiko kimejipinda. Akachoka, mshale ukabanduka kwenye upote na kuanguka chini, naye akaachia. Nguvu yote iliyokuwa iende kwenye mshale ikarudi kwenye mabawa. Upote ukaruka nje ya gurudumu, ekseli ikapinda, na bawa la chini likapasuka urefu wake. Mtoto alipata mchubuko wa mkono tu, lakini hakushika upinde tena siku zote za kambi. Kuuondoa ule upote ulionasa ilibidi mabawa yabanwe kwa mashine, na mashine ilikuwa Nairobi.

Upinde wenyewe haukuwa mbovu. Unamfaa mtu mmoja aliyepimwa na kurekebishiwa, akisimamiwa. Kwa mtoto wa miaka 9 ambaye binamu zake wote watataka kujaribu, hapana. Upinde wowote ukiachiwa bila mshale unaumia, ila kompaundi huumia zaidi.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Na ya PVC usithubutu. Jua linaikausha, hasa ikitundikwa kwenye ukuta wa mabati. Ukiona rangi imefifia na uso una kama unga, plastiki imeshakuwa ya kuvunjika, nayo haipindi kwanza ikakuonya, inapasuka vipande vyenye ncha. Bomba jembamba la nyaya za umeme ndilo baya zaidi.

BabaLanet (Nakuru)
Tumepima jicho mara tatu. Ni la kushoto. Na pinde zote nilizotaja ni za mkono wa kulia. Mishale je, yoyote tu?

Kocha_Njoro
Basi hapo mambo yamebadilika. Kwa umri huo mpe wa mkono wa kushoto: upinde aushike kwa mkono wa kulia, avute kwa kushoto. Hajazoea chochote bado, baada ya wiki mbili hatakumbuka.

MamaShabaha (Kakamega)
Au kiraka juu ya jicho la kushoto, abaki mkono wa kulia. Kupata vifaa vya kushoto huku kwetu ni kazi.

Kocha_Njoro
Kiraka kinampotezea kipimo cha umbali, na siku akikisahau mishale yote inakwenda kando.

Nakuru_Mishale
Mishale: aluminiamu. Ikigonga mawe inapinda na unaiona. Ya kaboni inaweza kupata ufa usioonekana, ikapasukia mkononi wakati wa kuachia. Kwenye Genesis watu hutumia mishale ya Easton 1820. Tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo, sehemu 18 kati ya 64 za inchi, na mbili za mwisho ni unene wa ukuta, sehemu 20 kati ya elfu za inchi. Kwa rikavu ya paundi 12 hiyo ni ngumu mno, itakwenda kando. Chukua 1416.

Urefu: mvuto wake ni 22, kata 25. Usikate sawasawa na mvuto. Siku akivuta zaidi, ncha itarudi nyuma ya kishikilizo, pale mshale unapolala kwenye upinde, na mshale utaelekea mkono ulioshika upinde. Kikinga mkono na kipande cha ngozi cha vidole vibebwe mzigo huo huo.

BabaLanet (Nakuru)
Asante. Nimemwandikia shemeji aulize kama rikavu ya kushoto ipo, 54 au 62, mabawa ya 14. Genesis ya kushoto anasema ameiona, ila ni mpya na bei imepanda. Shabaha nilitaka kutumia godoro kuukuu.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Godoro la sponji mshale unapita. Gunia la katani, jaza vitambaa vya mitumba, ukate vifungo na zipu zote, shindilia hadi ngumi isizame.

Kocha_Njoro
Usishindilie kupita kiasi. Kwa paundi 12 mshale utadunda na kurudi. Marobota ya majani ya ngano ni bora, huku Njoro yapo baada ya mavuno. Nyuma yake, mita moja hivi, ning'iniza zulia kuukuu ambalo chini halijafungwa. Na ule ua wako, BabaLanet, ni wa mawe au miti? Nyuma yake kuna njia ya watu?

MamaShabaha (Kakamega)
Mchwa watayala hayo marobota kabla ya Krismasi, huku kwetu hayamalizi mwezi.

Kocha_Njoro
Yainue juu ya mbao au matairi.

BabaLanet (Nakuru)
Ua ni wa miti, na nyuma kuna njia ndogo ya kwenda kisimani. Nitapima upande ule mwingine wa uwanja kesho.