Nina viva (kutetea tasnifu kwa mdomo mbele ya watahini) wiki ijayo, usingizi sina

Chumbageni_boy: Wadau habari zenu, tasnifu yangu ni ya historia ya mkonge hapa Tanga, viva Alhamisi na tangu juzi kila ukurasa nikifungua naona makosa tu. Nikariri yote au?

Bint_Ngamiani: Usikariri mdogo wangu, utachanganyikiwa bure. Mi nilibandika vikaratasi vya rangi mwanzo wa kila sura, nikaandika sentensi moja sura inasema nini, halafu nikawa namsimulia mama huku anakaanga bajia, naye kila mara "kwa hiyo umegundua nini?" na hilo ndo swali la kwanza niliulizwa siku yenyewe! Mapungufu yataje mwenyewe kabla hujabanwa.

Raskazoni77: Soma kazi za mtahini wa nje, yule anayetoka chuo kingine, muhimu sana. Wangu alining'ang'ania nusu saa kwenye jedwali moja, jumla haikukaa sawa 😂 Wewe watakubana kwenye ushahidi, yule Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge toka Florida 1893, ikapona 62, sawa, ila umeitoa kwenye nyaraka au umedokoa kwa mwingine?

Chumbageni_boy: Duh, hiyo 62 nimedokoa kweli, ngoja nikaikague. Na nikiulizwa nisichokijua?

Bint_Ngamiani: Sema hujui, eleza ungekitafutaje. Usimwogope mtahini, yeye ndo waja leo waondoka leo mwenyewe 😄 Marekebisho utapewa tu, karibu kila mtu hupewa. Ila beba kopi ileile waliyonayo wao, kurasa zisipishane.