Kikundi cha kusaidiana kinadumuje watu wakihamahama?

Mkulima, Uyole: Wanajamvi, salaam. Kikundi chetu cha kuvuniana viazi kilianza na majirani wanane, na kwa misimu kadhaa hakuna aliyekwepa zamu. Siku hizi wapangaji wanaingia na kutoka, wengine wanahamia Tunduma kwenye biashara, na msimu huu mmoja alivuniwa shamba lote, kisha zamu yangu ilipofika akazima simu. Je, ushirikiano hudumu pale tu watu wasipobadilika?

Mwalimu, Iringa: Ndugu mkulima, mwaka 2011 watafiti Rand, Arbesman na Christakis walilijaribu jambo hilo kwa watu waliocheza mchezo wa kuchangiana kwa intaneti. Mahusiano yalipoachwa yalivyo, yalipochanganywa ovyo, au yalipobadilika polepole, ushirikiano ulififia raundi baada ya raundi. Ulidumu pale tu wachezaji walipopata mara kwa mara nafasi ya kumwacha mchoyo na kuungana na mkarimu. Kwenu mahusiano yanabadilishwa na kodi ya nyumba na biashara, nyinyi wenyewe hamchagui.

Mama wa Makambako: Mwalimu, nakubali nusu. Kwenye mgowe, yaani kazi ya kusaidiana shambani, hatuna daftari: mwenye shamba anaandaa ulanzi, pombe ya mianzi, na asiyekwenda kwa wenzake, siku yake ikifika, madumu yanabaki yamejaa na jembe ni lake peke yake. Lakini hilo linawezekana kwa sababu tunafahamiana. Mpangaji wa mwezi mmoja mtamchagua au kumwacha kwa kigezo gani? Tena aliyezima simu huenda alikuwa anauguza.

Mwalimu, Iringa: Hoja ya mama ina uzito, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, jamii ya wawindaji na wakusanyaji ambao huhama kambi mara kwa mara, wanaiongezea nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, baada ya kuwafuatilia kwa miaka sita, ulikuta kwamba kila mara wagawaji walikuwa wakiishi na wagawaji wenzao, ila ukarimu wa mtu ulifuata zaidi desturi ya kambi aliyomo sasa kuliko mwenendo wake wa miaka ya nyuma. Kwa hiyo mgeni asihukumiwe mapema.

Mkulima, Uyole: Nashukuru. Mama, kweli sikumuuliza yule bwana kilichomsibu. Kesho nitapita kwake. Kwa wageni nitapendekeza kwamba kila mmoja avune kwanza kwenye mashamba mawili ya wenzake ndipo apangiwe zamu yake.