Bodaboda 36 wenye miaka 99: wasimamizi wa tasnifu Dar, mnakagua uchambuzi au mnakagua sura ya jedwali?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kimyakimya. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa bei za kuchambua data. Bei nitaigusa ila siyo kilichonileta hapa.

Niko mwaka wa mwisho wa uzamili kwenye chuo kimoja hapa Dar. Sikitaji, bado nakihitaji. Mada yangu ni akiba na mikopo kwa madereva bodaboda wa Temeke. Sampuli watu 384, ndiyo, ile ile 384 ya jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970, ambayo ukifungua tasnifu yoyote ya mji huu unaikuta imekukalia kwenye sura ya tatu. Tofauti yangu na baadhi yenu (mnajijua) ni kwamba hao 384 niliwafuata kweli. Wiki sita vijiweni, Rangi Tatu, Zakhem, Tandika, Mtoni, jua la saa nane linakuchoma utosini, unauliza swali la tisa abiria anatokea, dereva anakanyaga gia anaondoka na jibu lako. Majibu nilikuwa najaza kwenye simu kwa KoboToolbox, akaunti ya bure, bando langu mwenyewe.

Kwenye swali la umri watu 36 waligoma. "Umri wa nini, we trafiki?" Sikulazimisha mtu. Nikawapa 99, kama tulivyofundishwa darasani: 99 maana yake hakutaka kusema. Nikaandika kwenye karatasi ya misimbo, nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ikumbukeni hiyo karatasi.

Sasa mwongozo wa idara unasema data zichambuliwe kwa SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. Haukusema programu yoyote inayofaa, umetaja jina. Sawa, SPSS iko wapi? Chuo hakina leseni ya kumpa mwanafunzi. Maabara nimeambiwa ina mashine mbili zilizowekwa, nimekwenda mara nne, mara zote mwenye ufunguo "ametoka kidogo". Nikaangalia bei: kifurushi cha msingi kwa miaka kadhaa kilikuwa kinatangazwa dola 99 kwa mwezi. Hiyo 99 naona ilinipania. Kwa shilingi ni kama robo milioni kila mwezi, na hapo hujalipa chumba, hujala, hujapanda hata daladala moja.

Kwa hiyo kinachofanyika wote tunakijua ila tunajifanya hatukioni. Mwongozo unaandikwa na daktari wa falsafa, utekelezaji wake uko kwenye flashi ya dogo wa steshenari. Nikaenda steshenari moja maeneo ya Mwenge. Bango lake nalikumbuka neno kwa neno: UCHAPAJI, KUTOA KOPI, PICHA ZA PASIPOTI, LAMINESHENI, SPSS. SPSS iko pale baada ya laminesheni, wakuu.

Dogo kwanza akaniwekea SPSS ya kreki, yaani iliyovunjwa leseni, kwenye laptopu yangu. Siku ya tatu kila faili kwenye flashi yangu limekuwa shotikati, na programu yenyewe inasema leseni imeisha. Nikarudi. Akasema, "Kaka, hebu usijitese, niachie data, sura ya nne, ile ya matokeo, utaikuta kesho. Laki na nusu." Nikampa, na karatasi ya misimbo nikamwekea juu ya kibodi yake. Kabla sijatoka akaniita: "Kaka, kwenye korelesheni nikuwekee nyota moja au mbili?"

Kwa wasiojua, zile nyota pembeni ya namba ndizo zinazosema uhusiano ni wa kuaminika kwa kiwango gani. Zinatoka kwenye data. Huyu ananiuliza kama anauza chipsi, kavu au zege.

Kesho yake nikachukua kazi. Jedwali la kwanza kabisa, umri: N 384, cha chini 18, cha juu 99, wastani 37.58. Nikasoma mara mbili. Cha juu 99! Ina maana huko Mbagala kuna babu wa miaka 99 anapakia mishikaki usiku, na hayuko peke yake, wako 36. Karatasi yangu ya misimbo niliikuta chini ya mashine ya kopi, imetumika kufutia wino.

Na kosa lenyewe kulirekebisha ni mstari mmoja. Mmoja! Ndani ya SPSS hiyo hiyo unaandika MISSING VALUES umri (99). basi, wale 36 wanawekwa pembeni na hesabu inafanywa kwa 348 waliojibu. Kwa hiyo programu siilaumu, inahesabu ulichoipa. Ila dogo anajua kubonyeza menyu tu. Hata sisi wenye digrii tulichofundishwa ni kubonyeza menyu. Muhula mzima wa "nenda Analyze, shuka, chagua, OK", hakuna hata kipindi kimoja cha kuisafisha data kabla hujaanza kuihesabu.

Nikakasirika, nikaamua kukaa mwenyewe. Rafiki yangu anayefanya kazi za takwimu za afya akanionyesha R, programu ya takwimu ambayo badala ya kubonyeza menyu unaiandikia amri. Hii ilianzishwa na wanatakwimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, toleo la 1.0.0 likatoka 2000, na ni bure, bure ya halali, haina kreki wala leseni ya kuisha saa saba usiku. Sitawadanganya, wiki ya kwanza nilitaka kulia. Ukiandika Umri kwa herufi kubwa badala ya umri inakuambia haimjui mtu huyo. Mabano moja likikosekana inakukodolea macho tu. Lakini siku nilipoandika

umri[umri == 99] <- NA
mean(umri, na.rm = TRUE)

yaani wenye 99 wahesabike hawana jibu, kisha toa wastani wa waliobaki, ikajibu 31.22. Miaka thelathini na moja. Hao ndio vijana niliokaa nao vijiweni, sura zao nazijua! Nikarudia sura nzima ya nne. Ule uhusiano wa umri na kiasi cha akiba, aliouwekea dogo nyota mbili, ukabaki hauna hata moja. Nyota zote zilikuwa zimebebwa na wazee 36 wa kufikirika.

Haya, sasa kilichonifanya nifungue uzi.

Nilipeleka kwa msimamizi matoleo yote mawili. La steshenari nililiweka kama kiambatisho, nimeeleza kosa liko wapi. La R ndiyo sura yenyewe. Akafunua, akafunua, akafika kwenye majedwali ya R akavua miwani. "Hii ni nini?" Nikamweleza. "Hii siyo SPSS." Nikasema Dokta, ni kweli, ila hesabu ni sahihi, na kila hatua nimeiandika, mtu yeyote anaweza kuirudia akapata hicho hicho. Akageuza mpaka kwenye kiambatisho, kwenye lile jedwali la wastani 37.58, akagonga na kalamu: "Umeona? Majedwali yanatakiwa yawe hivi."

Babu wa miaka 99 kampita machoni. Hajamwona. Ameona mistari ya jedwali imekaa kama alivyozoea akaridhika.

Halafu akaniongezea jingine, kwenye p, ile namba ya uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu, pasipo uhusiano wowote. Nilikuwa nimeandika p < 0.001. Akakata, akaandika pembeni p = 0.000, "kama inavyotoka kwenye SPSS". Wakuu, ile .000 ni programu imeishiwa desimali za kuonyesha, haijasema sifuri. Sikubisha. Mwenye kalamu nyekundu ni yeye.

NYONGEZA, saa 4 usiku. Nimesoma maoni yenu, najibu machache.

Mkuu uliyesema nijilaumu mwenyewe kwa kutumia 99, hapo umenipiga na nakubali nusu. Kisanduku kikiachwa tupu baadaye hujui kama alikataa au ulisahau kumuuliza, ndiyo maana misimbo ipo. Ila kwa umri ningeweka -99, ingejitangaza yenyewe.

Uliyesema nihamie Stata, programu nyingine ya takwimu: nayo si ya bure, na nayo ina mtego wake. Stata inachukulia thamani iliyokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Iambie ikuhesabie wenye umri zaidi ya 60, wote wasiojibu wanapanda juu na kukaa na wazee. Ukihama bila kujua hilo unawarudisha wale 36 kwa mlango wa nyuma.

Wa "Excel inatosha": mwaka jana nilifanya kibarua cha kuingiza data kwenye mradi mmoja, orodha ya wanufaika na namba zao za NIDA (kitambulisho cha taifa). Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiichukua kama namba inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inaziweka sifuri. Mwenzangu aliona vistari vinavyotenganisha tarakimu vinamchelewesha, akavitoa vyote, akahifadhi, akafunga. Asubuhi nafungua, safu nzima kila mtu namba yake inaishia 00000. Hazirudi hizo, hata ubonyeze nini. Tulirudi kwenye mafomu ya karatasi siku tatu. Simu nazo zilizoanza na 255 zimegeuka 2.55754E+11, mpigie mtu basi kwa namba hiyo. Ungeiweka safu kuwa ya maandishi kabla hujaanza kuandika, na vistari ukaviacha, hayo yote yasingetokea.

Na aliyeandika "haya ni mambo ya Waswahili": Uingereza, 2020, wagonjwa 15,841 wa Covid hawakuingia kwenye takwimu za taifa kwa siku kadhaa kwa sababu walitumia faili la muundo wa zamani wa Excel lenye mwisho wa mistari 65,536. Waswahili wa wapi hao?

Kuhusu laki na nusu, dogo kanirudishia elfu thelathini na samahani. Simchukii. Ameshaniambia kwa wiki anapokea tasnifu mpaka anachoka, za vyuo tofauti, na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa kwa kosa la hesabu. Zinarudishwa kwa ukubwa wa herufi na majedwali kuvuka ukurasa. Sasa kwa nini asome karatasi ya misimbo?

NYONGEZA 2. Ahsante sana aliyenielekeza PSPP. Kwa wengine: ni programu ya takwimu ya bure, ni ya mradi wa programu huria wa GNU, inafungua mafaili ya data ya SPSS (.sav), inakubali amri nyingi zile zile za SPSS. Nimeipakua kwa bando la usiku. Nimeweka MISSING VALUES umri (99). na majedwali yametoka na mistari ile ile anayoipenda Dokta. N 348, cha juu 57, wastani 31.22, sawasawa na R mpaka desimali ya mwisho.

Nimechapa. Msimamizi nina miadi naye Alhamisi saa 3 asubuhi. Juu sijaandika jina la programu, na akiniuliza nitamjibu ukweli. Dau langu ni kwamba hataniuliza. Ile p = 0.000 nimeiacha kama alivyotaka.