Dawa za kijana wetu aliyeko mahabusu

Shangazi: Wanangu, nimetoka kituoni sasa hivi. Kijana wetu anashikiliwa kwa kuvunja kioo cha gari la jirani, na wakati wote wa mahojiano alikuwa akijibizana na mtu ambaye sisi wengine hatukumsikia. Nimefungua kabati lake nikakuta vidonge vya klozapini, ile dawa yake ya ugonjwa wa akili, havijaguswa tangu Jumamosi. Nimpelekee jioni?

Dada: Shikamoo Shangazi, na pole sana. Tafadhali usimpe dozi yake ya kawaida. Aliyekatiza klozapini kwa zaidi ya saa 48 huanzishwa upya na daktari, kwa miligramu 12.5 mara moja au mbili kwa siku, kwa sababu akirudishiwa dozi nzima kwa ghafla shinikizo la damu linaweza kushuka hadi azimie. Tuandike karatasi moja yenye jina la dawa, kipimo, siku aliyomeza mara ya mwisho na jina la daktari wake, kisha nakala apewe askari wa zamu na nyingine wakili.

Mjomba: Mimi naona ugonjwa usitajwe kabisa. Ukishaingia kwenye jalada, utamfuata mpaka uzeeni. Akiri kosa, tulipe kioo, yaishe.

Kaka: Shikamoo Mjomba. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Wakili amenitenganishia maswali mawili ambayo nilikuwa nikiyachanganya: je, leo anayaelewa mashtaka kiasi cha kuweza kumwelekeza wakili wake, na je, akili yake ilikuwa katika hali gani alipokivunja kioo? Akikiri leo huku anasikia sauti, atakuwa amekiri nini?

Mjomba: Marahaba. Na wakimfunga?

Dada: Kanuni ya 109 ya Kanuni za Mandela, yaani kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inataka mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili ambao gereza litauzidisha ahamishiwe kituo cha tiba mapema iwezekanavyo.

Kaka: Ila tusishangilie hospitali bila kuuliza. Amri ya kulazwa inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kifungo chenyewe, kwa hiyo wakili aulize tangu mwanzo ni nani atakayeipitia upya, na baada ya muda gani.

Mjomba: Haya, jirani mniachie mimi, nitakwenda kuzungumza naye kuhusu kioo chake.

Shangazi: Kalamu ninayo mkononi. Hiyo klozapini inaandikwaje?