Mpira unakwama kwenye kisanduku cha kudumbukizia

Mama Uyole: Habari zenu. Kisanduku cha kuchezea cha mbao za paina, mtoto wa miezi 9 anadumbukiza mpira tunduni. Mpira wa sm 5 unakwama. Nipanue?

Fundi Mafinga: Tundu liwe sm 6. Pima pande mbili, dada. Ubao mbichi ukikauka husinyaa zaidi upande mmoja, tundu likawa yai. Panua kwa msasa namba 80, malizia na 220. Vanishi achana nayo, nta ya nyuki yatosha.

Bibi Ilula: Sakafu ya ndani iinamie mbele, mpira utokee mwenyewe. Hapo ndipo mtoto anaelewa kilichofichika bado kipo. Goroli msiweke jamani! Kinachopita kwenye kile kibomba cha karatasi ngumu cha ndani ya toileti pepa kinaweza kumkaba.

Mama Uyole: Sm 5.4 kwa 4.8. Yai kweli.