Naomba ushauri: vyeti vya oili ya sintetiki nivisome vipi?

Wakuu, habari zenu. Gari langu ni la petroli, lina tabo (turbo), na kitabu chake kinataka oili ya uzito wa 5W-30 yenye kiwango cha API SP (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani) au ILSAC GF-6A (kiwango cha watengenezaji magari). Nina madumu mawili mbele yangu na yamenichanganya kweli.

La kwanza lina ile nembo ya duara ya API, juu SP, katikati 5W-30. La pili limejaa maandishi hadi mgongoni: "sintetiki kamili", "inakidhi API SP", na orodha ndefu ya kampuni za magari. Nembo hakuna. Ninavyoelewa, nembo maana yake oili ina leseni ya API, ila "inakidhi" ni kauli ya muuzaji mwenyewe. Niko sahihi?

SP, iliyoanza 2020, hupima kulika kwa mnyororo wa taimingi na ule uwakaji wa mapema unaosumbua injini za tabo, hivyo sitaki kubahatisha. Neno "sintetiki" lenyewe silitegemei. Marekani hata oili ya madini iliyochakatwa sana huuzwa kwa jina hilo.

Sasa, SP ni kiwango cha chini tu. Je, kibali cha mtengenezaji kama dexos1 (cha GM) au MB 229.5 (cha Mercedes-Benz) kinaonyesha ubora zaidi hata kama gari si la kampuni hiyo? Na oili ya ACEA C3 (kiwango cha Ulaya), ambayo hubaki nzito zaidi injini ikiwa ya moto, itafaa hapa au nitachoma petroli bure? Mafundi, karibuni.