Wananyanyua zaidi, lakini mbio zimerudi nyuma

Kocha_Chake:
Assalaam alaykum wenzangu. Nafundisha mbio za mita 400 hapa Chake Chake, vijana tisa, wengi wanafunzi wa skuli. Chuma tunacho kimoja. Uzito wa pembeni tumejitengenezea kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, tukayapima kwenye mizani ya karafuu. Wanachuchumaa na chuma begani Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, seti tatu, marudio kumi kumi, na kila wiki naongeza kilo 5. Walianza na kilo 40, wiki nne za mwanzo walipanda mpaka nikafurahi. Sasa ni wiki ya saba, wako kilo 70. Kijana wangu mwepesi kuliko wote ametoka sekunde 51 amefika 53, na mwengine anaumwa chini ya pia ya goti. Nalala nikiwaza. Nimekosea wapi? Na Ramadhani hiyo inakuja.

Mzee_wa_Jang'ombe:
Waalaykum salaam. Hukukosea kuongeza, umekosea kuongeza kwa kalenda. Nguvu ya wiki za mwanzo nyingi ni ya mishipa ya fahamu kujifunza kazi, nyama bado haijajengeka. Faida hiyo ikipungua, kilo 5 kila wiki ni nyingi. Na kano hukomaa polepole kuliko nyama, ndiyo maana goti limelia kwanza.

Hizo kumi mara tatu zina asili ya hospitali: Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alizitumia miaka ya 1940 kurejesha miguu ya askari. Mgonjwa yule hakuwa na mita 400 za kukimbia jioni yake. Wako anazo.

Mimi ningefanya siku mbili, Jumatatu na Alhamisi. Marudio matano, seti tatu, na mtu aache chuma akiwa bado anaweza mawili. Akimaliza zote mgongo haujapinda, ongeza kilo 2. Mifuko ya mchanga wa kilo moja moja inatosha. Kila wiki ya nne punguza seti nusu, uzito usiuguse. Na kila kijana awe na daftari lake! Bila daftari unabahatisha.

Bi_Viungo_Wete:
Huyo wa goti msimlaze kabisa. Shusha uzito, kisha aegemee ukuta kama aliyekaa kitini, sekunde 45, mara tano. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Asubuhi yake yakizidi, mmepita kipimo. Likivimba, aende hospitali.

Kocha_Chake:
Ahsanteni sana. Na mwezi mtukufu?

Mzee_wa_Jang'ombe:
Baada ya tarawehe, ameshafuturu na maji yameshamkaa. Mara moja kwa wiki, uzito uleule, seti mbili. Nguvu hubaki kwa kazi ndogo kuliko iliyoijenga. Usitafute rekodi mwezi ule.

Kocha_Chake:
Nimerudi baada ya wiki tatu. Tumeshuka mpaka kilo 55, tumepanda mpaka 59. Kijana jana kakimbia 51 na nukta nne, na kamaliza mabega hayajakakamaa. Wa goti anakaa ukutani kila siku, asubuhi haumwi tena. Madaftari nimenunua tisa. La kumi nimejiwekea mimi, naandika na walivyolala.